Kitambaa cha Tumboni

Jumatatu, 3 Machi
Kimetoka tena! Nilikuwa nachomoa mashuka yaliyolowa kwenye mashine, nikasikia kitu kinateremka. Chooni nikapapasa — nyama laini, ukubwa wa limau, imechungulia nje. Nikairudisha kwa kidole, nikanawa, nikarudi kazini. Msimamizi anauliza mbona siishi kwenda msalani. Nikamwambia uzee. Akacheka.
Nikakaza kitambaa zaidi. Sisi madobi wote hujifunga kipande cha shuka kuukuu tumboni kabla ya kunyanyua, ati mgongo usikatike. Fundi wa fundo ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Mume wangu kageukia ukutani. Anadhani nimemchoka. Nimwambieje? Labda ni saratani. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimezaa sita, na ndiyo kwanza nauficha!

Ijumaa, 7 Machi
Kliniki. Nesi, mtu mzima mwenzangu, kaniambia nikohoe huku anatazama. Aibu yangu yote ikaishia hapo.
Si saratani. Si kurogwa. Kizazi kimeshuka — misuli inayokishikilia imelegea, kwa uzazi na kwa mizigo. Wanakuja wengi, kasema, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Nikalia. Kaniwekea pete ya mpira ndani, ikishikilie. Ikishindikana, upasuaji. Nifanye mazoezi ya kubana kama nazuia mkojo. Mizigo, marufuku.
Kisha akaona alama ya kitambaa tumboni. Nikamweleza, tena kwa fahari. Akatikisa kichwa: "Mama, ukilibana tumbo hivyo halafu unyanyue, nguvu yote inashuka chini. Unakisukuma mwenyewe."
Hajui nimewafunga wenzangu wangapi.

Jumapili, 9 Machi
Kesho binti yangu anashika nafasi yangu ya udobi. Mwanawe hajaota hata jino! Nikamwambia asubiri kidogo. "Tusubiri tukila nini, mama? Mawe?"
Nimejaribu kumweleza. Nikaanza na misuli, nikaishia kwenye uchovu. Kizazi sikukitaja, wala kitambaa. Mjinga mimi!
Sasa yuko chumba cha pili, anajipima kile kitambaa. Nilimpa mwenyewe alipojifungua, tumbo lirudi.
"Mama, njoo unikazie, fundo lako siliwezi! Halafu sijui nina nini, tangu juzi nasikia uzito huko chini, kama nimekalia yai."
Anacheka. Ananiita tena —