Tovuti Iliyomkata Baba

Utemini, Singida

Mdogo wangu Sostenes,

Sisi wazima, alizeti imekauka vizuri. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Ile tovuti uliyotutengenezea ya kuuzia asali ya Mitundu ni nzuri kwenye kompyuta yako huko Dar. Huku nani ana kompyuta? Wateja wetu wote wanatumia simu. Wanakuta maandishi madogo kama sisimizi, na wakiyakuza, kitufe cha kuagiza kinatoroka nje ya kioo. Juzi mama mmoja mwenye hoteli Manyoni alinipigia kwa hasira: "Dada, nimehangaika weee, mwishowe nimenunua kwingine." Asali imejaa dukani, halafu wewe unasema kwako inafunguka vizuri. Kwako! Hukuijaribu kwenye simu hata mara moja?

Jana mama akataka kuona ile picha ya marehemu baba uliyoiweka juu kabisa. Nikamfungulia kwenye simu yake. Kikaonekana kiwiko tu na mzinga wa nyuki. Akawa anamvuta kwa kidole, uso ukitokea, unateleza tena. Akaniuliza, "Dina, mbona amemkata baba yake?"

Msibani hukuja, ukasema unamalizia tovuti hiyohiyo.

Sitaki maelezo. Panda basi, uje uitengenezee hapa, kwenye simu ya mama, yeye akikutazama.

Dada yako ambaye bado ana hasira,
Dina