Kilio cha Namazura

Setagaya, Tokyo
Agosti 26

Kwako Dada Tamae,

Nakusalimu kwa mapenzi, wewe na Shemeji Tokuji, na mtoto ambaye bado sijambeba. Je, ameanza kunyonya vizuri? Na wewe, mgongo umepoa? Sisi huku tunapumua, ila joto la mwaka huu ni la kutoa roho, na Mama, tangu nilipomchukua baada ya sikukuu ya wafu, anasema Tokyo ni chungu kilichosahauliwa jikoni. Anakula vizuri. Nimelisema hilo mapema kwa sababu najua ndilo unalotaka kujua.

Jumamosi atapanda treni kuja kwenu Niigata. Atakwambia amemkumbuka mjukuu. Ni kweli amemkumbuka, lakini kuna jambo lingine, nami lazima nikueleze kabla hajafika mlangoni, hata kama utanichukia.

Unaijua kazi yangu, ile aliyoicheka Baba hadi mwisho: kijana mzima analipwa kukwaruza nyuzi za fidla kubwa kwa glavu ya ngozi ili Namazura, dubwana la mpira la kwenye sinema, apate sauti. Filamu nane nimemngurumisha Namazura na hakuna aliyelalamika. Ya tisa, wenye studio wakaamua afe. Mwongozaji wetu, Bwana Hatakeda, akataka kilio cha kufa ambacho kitawanyamazisha hata watoto wanaotafuna peremende. Nilikwaruza mpaka vidole vikavimba. Nikimpelekea, anasema huyu si Namazura, huyu ni mlango wa choo. Kesho yake anasema leo umeniletea ng'ombe aliyekanyagwa mkia. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni niliona kazi inaniponyoka.

Ndipo ikaja simu kwamba Baba amezidiwa. Nilibeba na kinasa sauti, kwa kuwa Bwana Hatakeda alihitaji vyura wa majarubani, na nani asiyejua kwamba vyura wa kwetu mwezi wa Juni hawana mpinzani. Jioni niliyofika, Baba alikuwa amelala na pumzi yake imetulia. Nikaitega mashine nyuma ya nyumba, karibu na kisima, nikaiwasha. Haukupita muda Shangazi akapiga ukelele kuniita. Nikakimbilia ndani. Mashine nikaisahau.

Siku hiyo wewe ulikuwa na uchungu wa uzazi, Dada, na hakuna anayekulaumu. Lakini hukuona, kwa hiyo nakusimulia. Baba alipokata roho, Mama hakulia. Alitoka mbio, matope ya majaruba bado yamo miguuni, akainama kisimani kumwita, kama walivyofanya bibi zetu, ili roho isikie kabla haijafika mbali. Na alimwita kwa jina. Mama yetu, ambaye miaka yote alimwita "wewe" na "Baba Tamae", ambaye hata mbele ya daktari alisema "mwenye nyumba"! Aliita Yasuzo, Yasuzo, rudi, chai yako haijapoa. Aliita mpaka sauti ikamkauka, Shangazi akamshika mabega.

Niliporudi studio niliuweka utepe ule, nikapunguza kasi ili vyura wawe wazito. Vyura wakapita, kisha akaja Mama. Kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi, sauti yake ilikuwa imejaa chumba kizima, nzito, pana, jina halisikiki tena, uchungu mtupu. Bwana Hatakeda alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia. Akaniuliza huyo ni mnyama gani. Nikamjibu ni wa kwetu kijijini. Ndivyo nilivyojibu, Dada, kwa mdomo wangu huu. Nilikuwa nimechoka, na nilijua kwamba nikikwaruza hadi uzeeni sitaipata sauti nyingine kama ile.

Nilijipa moyo kwamba Mama hajawahi kuingia sinema maishani. Kumbe alipofika hapa akataka kuiona kazi inayomlisha mwanawe. Nikasema filamu ni ya watoto, nikasema viti ni vibovu, nikasema joto. Akanijibu kwamba yeye amezaa wawili na anamjua anayedanganya. Tukaenda. Namazura alipoanguka ghubani na kulia, watoto waliacha kutafuna. Mama akanishika mkono, akaubana. Alijua papo hapo. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Filamu ilipokwisha nikasimama, akanivuta nikae. Tukaitazama tena. Tulipotoka nilingoja anizabe kibao, na ningeshukuru. Akaniuliza tu kama hawawezi kuongeza sauti. Ndani ya treni akaniambia taratibu kwamba siku ile alikuwa amepandikiza mpunga tangu asubuhi, pale kisimani pumzi ilikuwa imemwishia, pengine ndiyo maana Baba hakusikia. "Hii yako ni kubwa," akasema. "Hii atasikia."

Tangu hapo huenda kila siku. Hufunga matonge yake ya wali, huniambia anakwenda kunyoosha miguu. Mkata tiketi anamwita Bibi Namazura na humtunzia kiti cha mbele. Alhamisi wanaiondoa filamu hapa. Yeye amekwisha kuuliza itakwenda wapi, akaambiwa Niigata. Hiyo ndiyo safari yake.

Nakuomba usimkatalie wala usimhoji. Shemeji akinung'unika kwamba bikizee amepata wazimu wa sinema, mwache anung'unike. Mwachie mtoto, uende na Mama. Wewe hukuwahi kumsikia akiita. Kilio kikiisha utamwona ameinamisha kichwa kidogo, sikio moja juu. Taa zitawashwa, watu watatoka, wafagiaji wataingia, naye atakuwa amekaa vivyo hivyo, anangoja aitikiwe. Usimwambie twende. Kaa naye, mngoje.

Mfikishie Shemeji heshima zangu, na umpakate mtoto kwa niaba yangu. Nikipata likizo nitakuja nipige magoti mbele yako mwenyewe, maana barua haitoshi kuomba radhi.

Mdogo wako akupendaye,
Kiyoharu