Mama Kulwa na Mama Doto Katika Faili Moja

Shinyanga,
baada ya msimu wa pamba, 1988

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Barua yako iliniambia kwamba miguu ya Mama imepungua uvimbe na kwamba sasa anafika kwa jirani bila kushikwa mkono. Nimeshukuru. Naomba unieleze kama bado anakunywa dawa au ameziacha kwa kuwa amejiona amepona, maana namjua. Mimi ni mzima, isipokuwa upepo wa huku ni mkavu, na mafuta ya nazi mliyonifungia yanakaribia kwisha.

Umeniuliza kuhusu kompyuta, kwa kuwa tajiri wako ameagiza moja ya kutayarishia hesabu za kodi za wateja wenu wa Tanga, na unataka kujua yale ambayo muuzaji hatayasema. Nianze na neno utakalolisikia kila siku. Faili, kwa maana nitakayoitumia hapa, ni mkusanyo wa taarifa ambazo kompyuta imeagizwa izishike pamoja chini ya jina moja. Zingatia mpaka wa maana hiyo. Kompyuta inajua kwamba jina ni moja. Haijui kama mtu ni mmoja. Kulijua hilo ni kazi ya aliyeketi mbele yake.

Mambo ya mikono ni mepesi. Umeme ukikatika, kilichoandikwa bila kuhifadhiwa hupotea chote, kwa hiyo sisi huhifadhi kila tunapomaliza ukurasa wa fomu, hata kama mteja anapiga miayo. Stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka, inunuliwe siku moja na kompyuta. Ofisi yetu iko upande ambako upepo huleta nyuzi za pamba kutoka kiwanda cha kuchambulia, na nyuzi hizo hupenda sana tundu la disketi. Nimeishonea kompyuta mfuniko wa khanga. Masanja, karani mwenzangu, mtu mzima mwenye familia na mzaliwa wa vijiji vya Kahama, aliutazama akasema, "Dada, kumbe Tanga hata vyuma mnavivalisha buibui." Nilimjibu kwamba buibui hilo linamwokolea yeye kazi ya kusafisha kwa spiriti.

Jambo la pili lina uzito zaidi. Viwango vya kodi viandikwe mahali pamoja tu ndani ya programu, na fomu zote zivisome kutoka hapo. Bajeti ikivibadilisha, unagusa mahali hapo pekee. Hata hivyo usiridhike. Chukua pato linaloangukia mpakani kabisa mwa ngazi mbili za kodi, lipigie hesabu kwa mkono, kisha ulinganishe na jibu la kompyuta. Kosa la viwango hukaa mpakani. Ukipima katikati ya ngazi, kila kitu kitaonekana sawa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa urefu.

Kompyuta yetu haikubali jina la faili lenye zaidi ya herufi nane, kwa hiyo wateja tuliwaandika kwa majina wanayoitwa mtaani, tukiyafupisha. Huku kwa Wasukuma, mapacha hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Mama yao huitwa Mama Kulwa na huyu, Mama Doto na yule, naye huitikia yote mawili. Kwetu sisi tuliotoka pwani ni jambo la kuelezwa. Kwa Masanja ni jambo la kuzaliwa nalo.

Alipokuwa akipitia faili za wateja wapya wa Nyasubi, pale Kahama mjini, alikuta Mama Kulwa mwenye duka na Mama Doto mwenye mashine ya kusaga nafaka. Sanduku la posta lilikuwa moja. Leseni zote mbili zilikuwa na jina la M. Shija.

"Dada, huyu ni mtu mmoja," aliniambia.

"Una hakika?"

"Huko kwenu mapacha wana mama wangapi?"

"Mmoja."

"Na huku hatujaongeza."

Hoja yake ilikuwa imejengwa vizuri. Mtu mmoja akigawanywa katika faili mbili, kila nusu ya pato lake hutozwa kwa ngazi ya chini, na hilo ni kuipunja serikali. Tukaziunganisha. Pato lililounganishwa lilipanda hadi ngazi ambayo wateja wetu wachache sana huifikia, fomu ikachapwa, na siku iliyofuata tukapanda basi kwenda Kahama kuchukua saini, kwa sababu leseni ya mashine ya kusaga ilikuwa inakwisha mwezi huohuo. Bila hati ya kodi hakuna leseni mpya, na bila leseni mashine inazimwa.

Tulimkuta Mama Kulwa dukani akipima chumvi. Masanja alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mama," akaitikiwa, akamwekea fomu juu ya kaunta. Mama Kulwa aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Hii mashine ya kusaga ni ya nani?"

"Si yako, Mama?"

"Ningekuwa na mashine ya kusaga, ningesimama hapa nakuuzia wewe kiberiti kimojakimoja?" Akageukia mlango wa nyuma. "Dada! Njoo uone. Watu wa Shinyanga wametufanya mtu mmoja."

Akaja mwanamke mwenye umri zaidi, mikono myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Alisikiliza, akatutazama kwa zamu. "Tumekuwa mmoja? Basi afadhali. Leo asipike mtu, maana kila mmoja atasema amekwisha kula."

Mambo yalikuwa hivi. Mapacha walipozaliwa, mama yao, huyu mwenye duka, aliugua sana na maziwa hayakutosha. Dada yake mkubwa, mjane asiye na mtoto, alimchukua Doto angali mchanga, akamlea kwa maziwa ya ng'ombe, na mtoto akakua akimwita mama. Majirani nao wakamwita hivyo. Dada hao wawili, mmoja ni Maria Shija, mwingine ni Martha Shija. Baba yao ni mmoja na sanduku la posta ni lake marehemu.

Masanja alijitetea, "Lakini mama zangu, kwetu Mama Kulwa ndiye Mama Doto."

"Kwenu ni kwenu," alisema Mama Doto. "Hapa ungeuliza kwanza. Mtu haunganishwi kwa kukisia."

Akaketi juu ya gunia na kicheko kikaisha. Alieleza kwamba kodi iliyoandikwa kwenye fomu ile hawezi kuilipa hata akiuza bati za banda, na kwamba akina mama wa mtaa mzima wanategemea mashine yake. Ikizimwa, watarudi kwenye kinu na mchi, na yeye hana kazi nyingine anayoijua. Hakulalamika. Alieleza tu, kama mtu anayetaja mahali pa kisima.

Tuliporudi Shinyanga, kuzitenganisha faili kulikuwa rahisi kwa sababu moja tu: kabla ya kuunganisha tulikuwa tumenakili zile za awali kwenye disketi nyingine, na disketi hiyo inakaa nyumbani kwa bosi, mbali na ofisi. Shika hilo, Kaka. Usiunganishe wala kufuta bila nakala, na nakala isilale chumba kimoja na kompyuta. Tangu siku ile pia hatutumii tena majina. Kila mteja ana namba, na namba haitolewi mpaka mteja mwenyewe aonekane kwa macho.

Ungedhani habari imeishia hapo. Masanja alidhani hivyo. Lakini kabla hatujaondoka Nyasubi niliwauliza maswali ambayo huwa nawauliza wateja wote, na majibu yao ndiyo yanayonikosesha utulivu. Dizeli ya mashine hulipwa kwa fedha za duka. Bidhaa za duka hununuliwa kwa fedha za kusaga. Kinachobaki huwekwa ndani ya debe moja.

"Na faida mnagawanaje?" niliuliza.

"Hatugawani," alisema Mama Kulwa. "Mwenye haja huchukua."

"Mwaka huu nani alichukua zaidi?"

Walitazamana, na kwa kweli hawakujua. Kisha Mama Doto akaniuliza, kwa upole, "Kwani kompyuta yenu haina mahali pa watu wawili wanaokula chungu kimoja?"

Nimelifikiria swali lake kwa njia tatu. Nikiwaandika kama wafanyabiashara wawili waliotengana, nitakuwa nimechora mstari katikati ya debe ambalo halina mstari. Nikiwaandika kama mtu mmoja, nitarudia kosa la Masanja, safari hii nikijua, na mashine ya kusaga itazimwa. Imebaki njia ya ubia, ambapo kila mbia hutozwa kwa fungu lake. Njia hiyo inawaokoa, na kwa sababu inawaokoa naishuku zaidi. Ubia unataka mafungu yaliyokubaliwa kabla, na wao hawajawahi kukubaliana fungu lolote. Nikiwaambia waseme nusu kwa nusu, watasema, kwa kuwa wananiamini. Chini ya fomu kuna mahali pangu pa kusaini kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli kwa kadiri nijuavyo.

Wewe umefanya kazi hii kwa kalamu na kikokotoo miaka mingi kabla yangu, tena katika mji ambako ndugu wengi hufanya biashara pamoja. Ndiyo maana nakuuliza wewe badala ya bosi wangu, ambaye angenijibu haraka.

Mfikishie Mama shikamoo yangu na umwambie naiombea dua miguu yake. Wifi, mkeo, mshukuru kwa khanga. Sehemu yake moja sasa inalinda kompyuta, na asikasirike. Shangazi yetu wa Pangani umwambie dagaa walifika salama na wakaisha siku hiyohiyo. Wanao uwabusu, na yule wa mwisho umwambie aniandikie kwa mkono wake mwenyewe.

Fomu iko mezani, haijasainiwa, na mwezi unakwisha. Nikiandika nusu kwa nusu kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kugawana, je, nitakuwa nimeyaeleza mapato yao, au nitakuwa nimeyagawa mimi?

Mdogo wako,
Zuhura