Paja la Doto

Amira shoga, dada Limi karudi kutoka hospitali sasa hivi na mpaka saa hii siamini. Yule shemeji yangu Doto ni bwege, tena bwege aliyepitiliza.

Unaukumbuka ule uvimbe wake wa pajani, uliofika ukubwa wa embe? Limi kahangaika weee, mpaka daktari wa Segese akamwandikia rufaa ya ile kliniki mpya Kahama, ya kupima haraka saratani zisizo za kawaida. Kapewa nafasi ndani ya wiki moja!

Leo Limi kafika getini kwa kliniki, anamkuta nani? Kulwa!

Pacha wake!

Doto kagoma kutoka duarani, kule shimoni mgodini, eti wamekamata mwamba wa dhahabu. Kamtuma Kulwa na ujumbe: "Si tulilala tumbo moja? Damu ni ile ile, wampime yeye."

Na Kulwa naye akavua suruali. AKAVUA, Amira!

Daktari kabonyeza paja la kulia, kabonyeza la kushoto, akauliza, "Uvimbe uko wapi?"

"Umebaki Segese, daktari. Uko kazini."

Limi alitamani ardhi ipasuke aingie.

Daktari hakucheka hata kidogo. Kasema uvimbe unaokua hivyo haumsubiri mtu. Mwenye paja aje mwenyewe Jumatatu, akichelewa anaweza kukatwa mguu.

Limi kampigia Doto palepale huku analia, kamweleza yote, hadi la mguu.



Halafu yule bwege akauliza, "Kwani Jumatatu Kulwa hana nafasi?"