Mikono Aliyoiona Shangazi Regina

Kijiji cha Matongo,
Tarime, Mara.
2 Juni 2019

Mpendwa dada Brenda,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza habari, nataka nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Jumatatu ile baada ya wewe kumpiga Raphael, mshindani mwenzako, kwa chupa kwenye televisheni, wenzangu wa Kidato cha Tatu waliniuliza kama Brenda Mwikwabe wa kile kipindi cha Jumba la Vijana ni ndugu yangu. Nikajibu kwamba majina tu yanafanana. Baba yako na baba yangu wamezaliwa tumbo moja, mimi na wewe tumelala kitanda kimoja miaka minne, halafu nikasema hivyo. Niliinamia kitabu mpaka kengele ikalia, wala sikusoma hata mstari mmoja. Nisamehe sana.

Sasa nakusalimu vizuri. Hujambo? Kile kidonda cha kiganjani kimefunga? Sisi huku tu wazima. Mama mkubwa alikuwa hali chakula, lakini tangu Jumapili iliyopita anakula, na jana alimaliza sahani akaomba nyingine. Mahindi yameanza kukauka shambani.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimeandika. Barua hii anakuja nayo mwalimu Desderius, anayepitia Dar es Salaam likizo hii. Nimemwelekeza kwa rafiki yako Zaitun, Temeke, kwa kuwa ulimwambia mama mkubwa kwamba umefikia huko baada ya kutolewa jumbani na kwamba hutarudi nyumbani mpaka baba yako mwenyewe akuite.

Najua ulisikia alichosema baba mkubwa. Alisema mbele ya watu kwamba aliyerusha chupa nchi nzima ikitazama asikanyage uwanja wake. Sikuwahi kumwona amekasirika hivyo, na niliogopa kwamba hatabadilika.

Ngoja nikueleze ya kwenye banda la video la Heche. Tangu mashimo mapya yaanze kutoa dhahabu, Matongo imejaa watu kutoka Geita, Kahama na Kenya, na jioni wote wanajazana pale kwenye televisheni. Mimi huwa nakaa nyuma na shangazi Regina. Usiku wa ugomvi walisimama kama mpira umeingia wavuni.

“Huyo ndiye Mkurya! Hasemi mara mbili!”

“Aseme mara mbili ya nini, mura? Chupa imeshafika!”

Mchimbaji mmoja wa Geita akauliza, “Hivi nyie, watoto wenu mnawalisha nini?”

Heche akamjibu, “Ugali wa mtama. Mlete wako tumlishe, akirudi utamwamkia wewe.”

Walikuwa wanakusifu, dada, lakini sifa zile zilizidi kumchoma baba mkubwa. Kila alikopita walimwita baba wa chupa. Wiki nzima hakwenda hata kunyoa.

Jumapili iliyopita mchana wakaonyesha marudio. Walianza kucheka tena, na hapo shangazi Regina akasimama. Unamjua, hana maneno mengi. Siku hizi kazi yake ni kulinda viroba vya mawe kwenye karasha, mashine ile ya kusagia mawe ya dhahabu, ili mtu asichomoe jiwe zuri akalitia mfukoni.

Akasema, “Nyamazeni. Nyie mnaangalia chupa. Kazini kwangu siangalii sura ya mtu wala mdomo wake, naangalia mikono. Mkono wa kushoto wa huyo kijana uko wapi?”

Wangwe, yule anayeendesha bodaboda, alikuwa na video hiyo kwenye simu. Wakaisimamisha, wakaisogeza kidogo kidogo. Ndipo tukaona. Chini ya kaunta ya baa, Raphael alikuwa amemshika Kokushubira, mshindani mwenzenu, kifundo cha mkono, anamvuta kwake, na yule binti amejishikilia kwenye stuli. Wewe ulimgusa Raphael begani mara mbili, ukamwambia kitu. Akacheka tu, hakuachia. Mchimbaji wa Geita akavua kofia.

Shangazi aliichukua simu ya Wangwe bila kuomba, akatembea nayo hadi kwa baba mkubwa. Nilimfuata. Baba mkubwa aliishika kwa mikono miwili akatazama mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Akauliza, “Huyu anayevutwa ni mtoto wa nani?”

Shangazi akasema, “Wa watu. Kama wako.”

Baba mkubwa alimrudishia simu. Kisha akaniambia, “Waisiko, wewe unajua kuandika. Mwandikie mwanangu kwamba namwita mimi mwenyewe. Arudi nyumbani. Habari ya chupa tutaizungumza hapa hapa, akishakula.”

Nilitoka nje nikalia kwa furaha nyuma ya jiko, nisionekane. Dada, sijawahi kupumua vizuri namna ile.

Mama mkubwa anakusalimu na anauliza utafika siku gani. Shangazi Regina anakusalimu na anasema siku nyingine uite watu kwanza. Heche na Wangwe nao wanakusalimu. Kokushubira, ukimwona, mpe pole yetu sote. Mungu akulinde njia nzima mpaka mlangoni kwetu.

Chumba chako baba mkubwa alikuwa amekipangisha kwa wachimbaji wawili. Jana amewatafutia pengine, wakahama na sururu zao. Leo nimefagia vumbi la mawe, nimedeki, nimetoa godoro juani, na nimetandika shuka la bluu. Nimeandika barua hii nikiwa nimekaa humo humo kitandani, upande wa ukutani, kwa kuwa wa mlangoni ni wako.

Ni mimi mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Waisiko