Uulize Nyumba ya Wachemsha Dagaa

Brooklyn Center, Minnesota
6 Julai 2025

Mpendwa mwanangu Mwanasiti,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, kile kifua kimepoa na masomo yako ya samaki yanakwenda. Sisi huku tuko salama, alhamdulillahi. Mkaza mjomba wako goti bado linamsumbua akipanda ngazi. Wadogo zako Faiz na Aaliyah hawajambo. Ukiwapigia wanakuelewa kila neno, ila kujibu ni Kiingereza tu, usichoke nao mwanangu.

Kazi yangu unaijua. Katika nyumba ile ya kulelea wazee hakuna mwanamume mwenye mikono kama yangu. Mwezi uliopita lifti iliharibika, nikambeba mzee wa kilo mia na thelathini ghorofa mbili, peke yangu, huku napiga mluzi. Hapana. Tulikuwa wanne, na mluzi alipiga yeye. Nimejiapiza barua hii nisiipambe, na tazama, hata ukurasa haujajaa nimeshaanza.

Mwanasiti, Bi Haruko amefariki. Alitutoka Jumanne ile ya tarehe ishirini na nne Juni, asubuhi, kabla ya chai. Najua ulinipigia mara nyingi tangu siku zile. Nilikuwa naliona jina lako, nikaigeuza simu kifudifudi. Naandika kwa karatasi kwa kuwa kwenye simu mdomo wangu hunitangulia, na pia kwa kuwa ndani ya bahasha hii kuna kitu. Usikifungue mpaka umalize kusoma.

Kwanza kuna jambo ulijue. Mimi Nagiura sijafika. Si Nagiura tu, Japani yote sijaikanyaga. Ile meli niliyowaambia nyumbani kwamba niliizunguka nayo dunia ilikuwa tagi ya kuvuta meli za watu, na haikuwahi kutoka Kilindini. Kila nilichokuhadithia kuhusu mji ule, tangu ulipopata nafasi ya kusoma huko, nilikitoa kinywani mwa Bi Haruko nikakivalisha suruali yangu.

Miaka minne nilimhudumia pale kazini. Aliolewa na mwanajeshi wa Kimarekani akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, baba yake akamwambia asirudi, naye hakurudi. Mumewe alikufa zamani. Alikuwa mcheshi kuliko vijana. Nikimsimulia mambo yangu ananitazama mpaka nimalize, halafu ananiambia, “Masudi, wewe ungekuwa samaki ungenaswa kila siku, maana mdomo huufungi.” Rahab, mwenzangu wa shifti, anacheka mpaka anaweka trei chini.

Basi nikueleze Nagiura upya, kama alivyoniambia yeye.

Mji umekaa kwenye ghuba iliyokunjika kama kiwiko. Nyuma yake milima ya misonobari imeshuka mpaka inataka kuegemea mapaa, kwa hiyo shamba la maana hakuna, walikula bahari. Ngazi za kwenda hekaluni ni themanini na tisa. Zile elfu moja nilizokwambia nilizipanda bila kupumzika ni zangu. Vichochoro ni vyembamba hivi kwamba siku ya mvua watu wawili wakikutana, mmoja hufunga mwavuli ili mwenzake apite. Mdogo hufunga kwanza.

Zamani za mababu zao zilikuja meli za tanga kutoka kaskazini, zikileta mwani na kuondoka na mbolea ya dagaa, ambayo wakulima wa pamba wa mbali waliigombania. Wakati wa vita vikuu kengele ya hekalu ilishushwa ikayeyushwe, watengenezee silaha. Haruko alikuwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Alisema watu walijipanga njiani wakaiinamia ilipopita, kama wanavyoinamia jeneza, na kwamba mji ulikaa miaka kumi na moja bila kengele.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Nusu ya watu wa Nagiura wanaitwa Hamada, hata wasio na undugu. Ukiuliza kwa Hamada watakuuliza Hamada yupi. Kwa sababu hiyo kila nyumba ina jina lake, la kazi ya mababu, na jina hilo halifi hata kazi ikifa. Kuna nyumba ya nahodha, kuna ya wafinyanzi, kuna ya mganga wa meno. Bi Haruko alizaliwa katika nyumba ya wachemsha dagaa. Hao walichemsha dagaa kwenye masufuria makubwa, wakawakamua mafuta, makapi yakawa mbolea. Harufu yake, alisema, ilikufuata hadi shuleni. Ndiyo maana nyumba yenyewe imewekwa chini kabisa, peke yake, upande ambao upepo unapeleka moshi baharini.

Aprili aliniomba jambo moja. Alimwacha nyumbani mdogo wake, Sachie, akiwa na miaka kumi na minne. Hakuthubutu kumwandikia maisha yake yote, na sasa alitaka kujua tu kama yuko hai. Nikamwambia nina mtoto wa dada yangu anasoma saa moja kwa treni kutoka pale. Mwanasiti, ungeuona uso wake! Alianza kumwomba Rahab amchane nywele kila asubuhi, kama mtu anayengoja mgeni.

Nikakupigia. Lakini nilikuwa nimeshawaambia wewe na mama yako kwamba Nagiura nililala wiki nzima kwa watu wakubwa. Ningeanzaje kukutuma kwenye nyumba ya harufu? Nikakwambia uulize nyumba ya nahodha. Jina la nyumba niliona ni jina tu. Nilidhani ukifika, watu watakuonyesha kwa Sachie, mji mdogo.

Ukaenda ile Jumapili ya tarehe kumi na tano Juni, na mvua ile. Watu wakakupandisha juu karibu na hekalu, kwenye jumba lililobomoka paa, jirani akakwambia Hamada wa hapa walikwisha, wa mwisho alizikwa miaka kumi na miwili iliyopita. Ulinipigia ukilia. Wewe hukukosea kitu.

Alhamisi nikaingia kwa Bi Haruko nikamwambia kwamba nyumba imefungwa na watu wamekwisha. Yeye akaniuliza, taratibu tu, “Aliuliza nyumba ya wachemsha dagaa?”

Nikamwambia ndiyo.

Wallahi sijui kwa nini. Najua. Kusema hapana kulikuwa ni kumwambia kwamba jina la nyumba yao nililionea haya. Nikajidanganya kwamba nitakutuma tena Jumapili, nitengeneze mambo kimyakimya, Jumatatu nimpelekee habari nyingine. Jumapili ulikuwa na mtihani kesho yake, sikukusukuma. Yeye aligeukia ukutani. Chakula alikula vijiko viwili vitatu kwa heshima ya Rahab. Jumanne akaondoka, akiamini hana mtu.

Kwenye mazishi mwanawe alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Anaitwa Alvin, ni fundi bomba, anakaa Lakeville, naye nywele zimeshakuwa nyeupe. Akanishukuru kwamba angalau nilimtafutia mama yake jibu. Alisema alipokuwa mdogo mama yake alijaribu kumhadithia mji ule kwa lugha yao, yeye akamjibu Kiingereza na kukimbilia barafuni kucheza. Nilirudi nyumbani nikawatazama Faiz na Aaliyah nikashindwa kula.

Ijumaa iliyopita niliendesha gari hadi Lakeville nikamwambia kila kitu. Sikukaa, nilisimama mlangoni. Alvin hakunitukana. Alitoka, akaingia ndani ya gari lake, akakaa humo muda mrefu injini ikiwa imezimwa. Aliporudi alikuwa na kikaratasi kilichokunjwa. “Peleka,” akaniambia. “Safari hii, nyumba yenyewe.”

Ndicho hicho kilichomo. Ni nywele za mama yake, Alvin alimwomba Rahab amkatie siku ile ya kifo. Bi Haruko alishawahi kutuambia kwamba Nagiura, mvuvi akipotelea baharini na mwili usionekane, ndugu huzika nywele zake, na kaburi likahesabiwa kaburi. Sisi katika dini yetu hatuna hilo, lakini haki ya marehemu ni haki yake.

Na kuna siku zake. Katikati ya Agosti wafu wa mji ule hupokelewa majumbani mwao, kila mlango una taa. Nyumba iliyofiwa mwaka huo huweka taa nyeupe, ili mgeni yule wa kwanza asipotee njia. Nakuomba ufike kabla ya tarehe kumi na tatu.

Ukishuka kwenye treni usipande juu hekaluni. Shuka na mto mpaka mdomoni mwake, upite pale mashua zinapovutwa juu, uendelee mpaka nyumba ziishe. Ukikutana na mtu, uulize nyumba ya wachemsha dagaa, kwa sauti, bila haya yoyote.

Ukimkuta Bi Sachie, mpe kwa mikono miwili. Mwambie dada yake alimtafuta, na alimtafuta kwa jina la nyumba yao. Mwambie hakumsahau. Halafu mwambie kwamba jina hilo liliishia kwa mjomba wako Masudi, hakulifikisha. Usiseme ilikuwa bahati mbaya. Usinisitiri kwa kuwa mimi ni kaka wa mama yako.

Na ukikuta huko nako hakuna mtu, niandikie hivyo hivyo.

Nisalimie mwenzako wa chumba, Gentille. Ukiwapigia Mombasa msalimie mama yako na babu Mzee Shee, mwambie dawa yake ya macho nimeipata, naitafutia msafiri. Mkaza mjomba wako anakutakia kheri na anasema ule. Mwenyezi Mungu akufungulie milango, akulinde ugenini, na akupe ulimi ulio bora kuliko wangu.

Mjomba wako akupendaye,
Masudi

Ukifika mlangoni, mvua ikiwa inanyesha, funga mwavuli wewe kwanza.