Tatu Nukta Nane

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Nimefika kiwandani saa tatu, nimelowa. Mvua ya Tukuyu haina adabu – inakupiga ubavuni, mwavuli hausaidii kitu. Soksi nilizobeba zote zimelowa na leo ndiyo kwanza siku ya kwanza.

Chumba walichotupa kimepakana na sehemu ya kukaushia chai. Joto! Na vumbi la chai kila mahali, laini kama ugoro. Nikipenga, kamasi inatoka kahawia. Humu ndimo ruta mbili kubwa za mtandao zinakuja kukaa, na raki ya chuma ya kuzishikilia, na betri. Nimemwambia meneja vumbi hili litaziba feni ndani ya mwezi mmoja. Akasema watabandika mpira mlangoni. Haya.

Mwenyeji wangu ni Vaileth, fundi umeme wa kiwanda. Mama wa makamo, ovaroli ya bluu, kalamu sikioni. Si msemaji. Aliniuliza nina miaka mingapi kwenye kazi hii. Kumi na tisa, nikamwambia. Akasema basi tutaelewana.

Jairo, bosi wangu, amepiga kutoka Mbeya. Vyote viwe vinawaka Jumatano ya wiki ijayo, kabla ya Pasaka, wakubwa wa kiwanda wanakuja kuzindua. Ndiyo, bosi. Ndiyo.

Mgongo. Gesti hawana maji ya moto.

Jumanne, 8 Aprili

Tumetoboa sakafu matundu manne. Zege ya zamani, ngumu – drili ilikuwa inalia hadi wachambua majani wakaja kuchungulia. Raki imesimama, boliti nne chini, mbili ukutani. Nimeitikisa kwa nguvu zangu zote. Haikutikisika. Raki isiyofungwa ni hatari kuliko watu wanavyofikiri: unavuta kifaa mbele kidogo tu, uzito unahama, chuma chote kinakuangukia kifuani.

Vaileth naye akaitikisa, kwa zamu yake. Hakuniamini! Nimempenda kwa hilo.

Mama Tumaini kapiga, anauliza kama Pasaka nitakuwa nyumbani. Nikasema naamini hivyo. Akasema sauti yako imechoka. Ni mvua, nikamwambia.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana sikuandika. Nililala na viatu.

Leo ruta ya kwanza imepanda. Kilo arobaini na moja, na pembeni kuna karatasi ya njano yenye picha ya watu wawili wanabeba. Nilishaanza kuinama peke yangu, mazoea. Vaileth akaniwahi.

"Kaka, hujaona picha hapo?"

"Nimeiona."

"Sasa yule mtu wa pili ni nani? Malaika?"

Tukabeba sote. Nzito chini, nyepesi juu, ndivyo inavyotakiwa. Nilivua pete na saa kabla ya kugusa chochote, nikamfunga mkononi ule mkanda wa kutoa umeme mwilini, akaucheka – anasema anafanana na mgonjwa wa wodini. Mpaka jioni zote mbili zilikuwa mahali pake, skrubu zimekazwa, nyaya zimepangwa. Kwa macho ni kazi safi kabisa.

Kwa utaratibu ethi, njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini, inapimwa kabla kitu chochote hakijapanda kwenye raki. Nimeiacha ya mwisho. Najua mwenyewe kwa nini. Mita ya kuipimia imo kwenye begi tangu Jumatatu na sijafungua hata zipu.

Ijumaa, 11 Aprili

Ethi hakuna!

Waya wa kijani na njano upo, umefungwa vizuri nyuma ya raki, unaingia ukutani. Yeyote akiuona atasema ethi ipo. Mimi mwenyewe ningesema. Ni Vaileth aliyeniuliza: "Umeona unakoishia?" Tukazunguka nyuma ya jengo, mvua inanyesha, tukapita katikati ya migomba. Waya unatoka ukutani, unashuka kama shubiri moja – umekatwa. Nondo ya shaba iliyotakiwa kuwa ardhini haipo. Pamebaki shimo lenye maji.

"Shaba hiyo," Vaileth akasema. "Wameshaiuza siku nyingi. Mimi nimekuja hapa mwaka jana, nikaonyeshwa ramani, kwenye ramani ethi ipo."

Kwa hiyo tungewasha. Na zingewaka, taa zote za kijani, watu wangepiga makofi. Mpaka siku umeme utakapovuja ukaingia kwenye bodi la chuma. Ukikosa njia ya kwenda ardhini unakaa palepale kwenye chuma, unamngoja mtu wa kwanza atakayegusa.

Nilikaa chini kwenye ngazi ya nyuma. Vaileth alidhani ni presha. Akaniletea chai ya kiwandani, kali. Akaniuliza nimeona nini. Nikanywa chai.

Nitaandika hapa. Septemba mwaka jana, jengo moja la ofisi kule Lufingo. Kazi kama hii, ndogo zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa nimepangiwa kupima ethi. Ilikuwa inanyesha hivihivi, nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri, nilitaka kwenda nyumbani. Waya niliuona umefungwa. Nikajaza fomu kwenye gari: ohm tatu nukta nane, namba inayokubalika. Nikatia sahihi. Wiki mbili baadaye Lukasi alitumwa kuongeza kadi kwenye ruta ileile. Akashika bodi kwa mkono wa kulia.

Lukasi ambaye tulianza naye kazi siku moja.

Nimempigia Jairo habari za nondo. Anasema kwenye ramani ipo, kwa hiyo andika ipo. Nikamwambia nimesimama mahali inapotakiwa kuwepo na haipo. Akasema tuongee Jumatatu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Sikwenda kanisani. Nimechukua bodaboda mpaka Nkunga, kwa Lukasi.

Tangu aumie nimemtembelea mara moja tu, hospitali, na nilisimama mlangoni.

Nimemkuta barazani anamenya ndizi kwa mkono wa kushoto. Ndizi ameibana kwa magoti. Wa kulia upo mapajani, vidole vimejikunja, hauna kazi. Mkewe Winfrida alikuwa bado hajarudi kanisani. Lukasi amenenepa kidogo. Akafurahi kuniona! Hilo ndilo lililonichosha kuliko barabara.

"Mugonile, fundi mkuu! Leo umepotea njia?"

Tuliongea mvua, tuliongea parachichi, nikamweleza nondo iliyoibiwa kiwandani na uzinduzi wa Jumatano, tukamsema Jairo. Anasema watu wa umeme walimweleza kwamba ni radi ya siku ile iliyoharibu ethi. Anaamini hivyo. Anasema radi haina kesi.

Nikamwambia haikuwa radi. Nikamwambia sikupima.

Aliendelea kumenya. Akamaliza ile ndizi, akaitia kwenye sufuria, ndipo akauliza:

"Uliandika ngapi?"

"Tatu nukta nane."

"Mbona siyo nne?"

"Nne ingeonekana ya kubuni."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayesikiliza fundi mwenzake. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kupigwa. Alinyanyuka, akaenda kumhamisha ndama. Kamba aliishika kwa meno, akaifunga kwenye mti kwa mkono mmoja, fundo zuri kabisa. Alikaa kulekule kwa ndama, mgongo kwangu.

Winfrida akarudi na tawi lake, kitenge cha kwaya, anacheka. Akasema nimengojea sana kukuona shemeji, usiondoke bila kula. Lukasi akasema kwa sauti kutoka kule: "Ana safari." Basi. Winfrida akanijazia mfuko wa maparachichi, akanisindikiza hadi barabarani. Nikamshukuru: ndaga, mama. Sikujua nitazame wapi.

Yapo hapa mezani, yananiangalia. Siwezi kuyala.

Jumatatu, 14 Aprili

Vaileth amepata nondo mbili za shaba kwa fundi mwenzake wa Mbeya, zimeletwa na basi la asubuhi. Hakumwomba ruhusa meneja, amemwambia baadaye. Tumegongea ya kwanza tangu saa nne. Mita moja – jiwe. Tukahama. Mita moja na nusu – jiwe. Nyundo inateleza, mikono imechubuka, matope hadi magotini. Alipogonga yeye mimi nilishika, nilipogonga mimi yeye alishika, na kila mara alisema "usiangalie mkono wangu, angalia nondo".

Saa kumi jioni nondo ikaingia. Yote! Tukacheka kama wehu.

Tukapima. Ohm sitini na mbili. Inatakiwa chini ya tano.

Hatukucheka tena.

Jumanne, 15 Aprili

Nondo ya pili imeingia, hatua sita kutoka kwa ya kwanza, chini kwenye mfereji ambako ardhi haikauki. Tumeziunganisha. Ishirini na sita. Bado.

Vaileth anasema inatakiwa ya tatu, labda na ya nne, na tuchimbe mtaro waya upite chini kwa chini hadi ng'ambo ya mfereji. Siku mbili. Uzinduzi ni kesho.

Jairo amenitumia fomu kwa WhatsApp. Ameshaijaza! Jina langu, tarehe, na kwenye ethi: nne nukta mbili. Imebaki sahihi. Nikampigia.

Anasema ishirini na sita ni afadhali kuliko wengi, nikitaka kuchimba nichimbe baada ya Pasaka, hakuna atakayegusa kitu siku mbili tatu. Anasema mbona miaka yote ulikuwa mwepesi. Neno hilo. Mwepesi.

Nikamwambia ile ya Lufingo sikupima. Nilibuni. Lukasi aliumia kwa fomu yangu.

Akasema, kwa sauti ya chini, si ya kibosi tena: "Ambindwile, hilo usiliandike popote. Kwa ajili yako na kwa ajili ya kampuni. Nakuja mwenyewe kesho asubuhi."

Nimeshaliandika. Kwenye barua, ukurasa mmoja, kwenda kwa mkurugenzi na nakala kwa Lukasi. Ipo mfukoni mwa ovaroli. Sijaituma. Nataka kuandika hapa kwamba nitaituma, ila naona aibu kuandika jambo ambalo sijalifanya. Nimefanya hivyo kutosha.

Kabla ya kutoka nilizichomoa nyaya za umeme – kila ruta inazo mbili, ukichomoa mmoja bado iko hai – nikazifungia kwenye kabati la Vaileth. Ufunguo anao yeye. Nilimweleza yote, tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza Lukasi ana watoto wangapi. Watatu. Akaenda zake nyumbani.

Jumatano, 16 Aprili

Naandika nikiwa kwenye chumba cha ruta, nimekaa juu ya kasha. Saa mbili kasoro. Kikohozi.

Vaileth alinitangulia. Nilipofika nimemkuta mferejini ana jembe, ameshachimba hatua nne za mtaro. Hajaniamkia vizuri. Alisema tu, "Sepetu ile pale." Nimechimba hadi mikono imekataa, sasa anachimba yeye. Nondo ya tatu tumeazima kwenye stoo ya mitambo, tukaigonga mtaroni na ikaingia haraka, ni chuma cha mabati, siyo shaba, lakini itashika kwa muda. Meneja amepita na suti, akatazama matope, akatazama ruta zimezimwa, akauliza wageni wa saa nne atawaonyesha nini. Vaileth akamjibu kutoka shimoni: "Waonyeshe shimo, mkuu." Meneja ameondoka anapiga simu.

Tumepima tena dakika kumi zilizopita. Tisa. Tisa kamili! Nimesoma mara tatu. Nimeiandika kwenye fomu mpya, tupu, kwa peni: 9. Haitoshi, lakini imepimwa.

Simu ya ndani imelia. Ni Yohane, mlinzi wa getini. Anasema gari ya kampuni yetu imefika, bosi mmoja anapiga honi afunguliwe. Nikasema afunguliwe, ni bosi wangu.

Anasema hawezi kumfungulia bado, kuna mtu mwingine mbele ya geti, kaja na bodaboda kutoka Nkunga, hataki kupisha gari. Mkono wake mmoja ni mbovu. Nikauliza anataka nini. Nikamsikia Yohane akimuuliza, na ile sauti nyuma, ninaijua miaka kumi na tisa, ikimjibu.

"Anasema amekuja kusoma mita. Anasema hataki kusomewa na mtu asiyemwamini, atasoma mwenyewe."

Honi inalia. Vaileth ameacha kuchimba, ananiangalia dirishani, matope hadi kwenye nyusi.

Yohane bado yupo kwenye laini. Ana daftari la wageni na anataka kujaza. Anauliza huyu amwandike nani: mgeni, au fundi wangu?